Magharibi ya Saa Nne Asubuhi

Watu wa Malindi wakimtaja Ustadhi huanza na mikono yake. Mimi nawaachia hiyo mikono. Ilikuwa mizuri kweli, mirefu, yenye harufu ya gundi na shaba, na mwenye kinanda kibovu alipoiona ikishika bisibisi alijua chombo chake kimepona. Mimi nitaanza na kinywa, kwa sababu mikono haikunidhulumu kitu.

Kinywa chake kilikuwa kidogo, kimezungukwa na ndevu nyeupe alizozipunguza kila Ijumaa asubuhi. Alikitumia kwa mambo matatu: kuimba, kugomba, na kusema "bado." Nilimjua miaka tisa, na katika miaka hiyo neno "bado" nililisikia zaidi ya jina langu. Jina langu hakulijali. Aliniita "binti wa simu," hata nilipofika miaka thelathini na minne na kuanza kung'oa mvi mbele ya kioo.

Simu ilikuwa kazi yangu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mtu wa Malindi akitaka kuzungumza na mtu wa Mombasa, sembuse Ulaya, ilibidi apitie kwetu. Unachomeka waya huku, unachomeka waya kule, unasema "zungumza," kisha unatoa sikio lako. Kuunganisha watu halafu kujitoa, hiyo ndiyo kazi, na niliifanya vizuri kupita kiasi. Nilikuwa nimeletwa kutoka Nyahururu nikiwa na sweta mbili, ambazo huku pwani zilinifaa kwa kufunikia sufuria ya chai isipoe.

Duka la Ustadhi lilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja kilichojaa vinanda vya mkono, vile vyenye mfuko wa hewa nyuma na ndimi za shaba ndani, vinavyopigwa arusini na kanisani. Nilikwenda kwa sababu ya kanisa letu. Kinanda chetu kilikuwa kimeanza kukohoa katikati ya nyimbo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyelalamika, mimi ndiye niliyetumwa. Ustadhi alibonyeza kitufe kimoja akaniuliza kina nini.

"Kimechoka," nikasema.

"Kimechoka vipi?"

"Kimeshuka. Kidogo tu, chini ya mwenzake."

Akabonyeza cha pili, na cha tatu, na mpaka cha kumi, nami nikawa nasema hiki kizima, hiki kimeshuka, hiki kimepanda. Mwisho akaweka bisibisi chini.

"Nani kakusomesha?"

"Hakuna. Ni kazi ya simu. Laini mbovu huijua kabla mtu hajasema halo."

"Sikio hilo si lako," akasema. "Umeazimwa. Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri."

Nikaenda Jumamosi hiyo na nyingine zote zilizofuata. Vinanda vilikuwa riziki yake tu. Uhai wake ulikuwa uimbaji wa kale wa Kihindi, ule wa raga. Alinieleza kwamba raga ni njia ya sauti: ina noti zake za kupitia, ina zile za kuepuka, na ina saa yake ya siku. Ya asubuhi haiimbwi jioni, na mwenye kuichanganya ni sawa na anayekula daku mchana. Mimi alinipa tanpura, chombo kirefu kuliko mimi, chenye nyuzi nne, ambacho hakipigi wimbo wowote. Kazi yake ni kuvuma nyuma ya mwimbaji, sauti moja ileile, ambayo Ustadhi aliiita ya nyumbani. Mwimbaji huenda akazurura anakotaka, wewe unamshikia nyumba. Unaona jinsi nilivyopangiwa maisha.

Alikuwa mkarimu. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu linaniudhi. Vikundi vya taarabu vilipovunjiwa kinanda siku ya arusi alivitengenezea bila kuuliza atapewa nini. Mvua ya masika iliponikuta dukani alinivua kanga niliyojifunika akanivisha koti lake, na yeye akaenda msikitini akiwa ametota. Mtu akipita mlangoni saa ya chakula alimkamata kwa mkono. Hata paka wa soko walikuwa na sahani yao. Lakini ukimwomba noti moja ambayo hajaamua kukupa, uso ulifunga kama duka siku ya Idi.

Dini aliishika, na muziki aliushika, na hakukubali mtu amwambie achague. Jirani yake mmoja, muuza mazulia, alimjia siku moja mbele yangu akamwambia kwa upole, "Ustadhi, umri umekwenda. Hizi nyimbo zitakuponza kesho."

"Koo hili nimeazimwa na Mwenyezi Mungu," Ustadhi akamjibu. "Akilitaka atalichukua mwenyewe. Hatakutuma wewe, sheikh wangu."

Kama unavyoona, kwake kila kitu kilikuwa cha kuazimwa. Sikio langu, koo lake. Ni nyimbo tu zilizokuwa mali yake.

Alikuwa na misemo yake ambayo sijaisikia kwa mwingine. Mwanafunzi mwenye haraka alimwambia, "Sauti haina miguu, inakwenda wapi?" Aliyejisifu alimwambia, "Kinanda kikubwa hula hewa nyingi." Na juu ya mazoezi ya koo, ambayo nilifanya saa nzima kila alfajiri, noti tano hizo hizo zikipanda na kushuka mpaka mwenye nyumba yangu akanitishia kunihamisha, alikuwa na msemo alioupenda kuliko yote. "Mazoezi ni kama kuoga. Kila mtu aoge, na kila mtu afunge mlango." Kurudia noti mbele ya watu kwake kulikuwa utovu wa adabu. Siku moja nilirudia mstari mara tatu mbele ya mteja, akanipiga goti kwa rula.

Sasa nieleze kuhusu uzi, maana bila uzi hutaelewa uchungu wangu.

Kwa mila ya mafundi wa uimbaji ule, mwalimu akimkubali mwanafunzi humfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, halafu hula pamoja dengu na sukari guru. Kabla ya uzi wewe ni mpita njia uliyekaribishwa kivulini. Baada ya uzi wewe ni mtoto wa nyumba, na nyimbo za nyumba ni zako, nawe una haki ya kuzirithisha. Yeye alifungwa wake na mwalimu wake ng'ambo, zamani, na wimbo aliopewa siku hiyo ulikuwa katika raga iitwayo Marwa. Alisema hakuna mwingine aliyebaki duniani anayeujua. Alisema pia kwamba utakuwa wangu, uzi na wimbo siku moja. Aliyasema hayo mwaka wangu wa tatu, akitazama mkono wangu wa kulia. Sikuzote aliutazama mkono, kana kwamba anaupima.

"Lini, Ustadhi?"

"Bado. Na Marwa haiimbwi ila jua linapozama. Si kabla, si baada."

"Basi nije jua likizama."

"Jua likizama mimi niko msikitini, binti."

Akacheka, nami nikacheka. Ilinichukua muda kuona kwamba hakuna kilichochekesha. Wimbo una saa moja tu katika siku nzima, na saa hiyo ameshaitoa kwa Mungu, leo, kesho na kiyama. Nilimsimulia Kadzo, mwenzangu wa kazini, msichana wa Vitengeni aliyekuwa akituletea mihogo ya kwao kila Jumatatu. Kadzo alivua kile chombo cha masikioni akanitazama.

"Sasa yeye mwenyewe huuimba saa ngapi?"

Nikamwambia hajui mambo ya sanaa.

"Mimi sijui sanaa," Kadzo akasema, "lakini najua ngoja ngoja huumiza matumbo."

Nilikuwa nimeshaambiwa mstahimilivu hula mbivu, na methali zikipigana mtu huchukua ile inayompendeza. Mwaka uliofuata nikapewa uhamisho wa Nakuru, pamoja na cheo. Nakuru ni karibu na kwetu, na mama yangu alikuwa akiishi peke yake. Nilimwuliza Ustadhi. Akasema, "Ukienda, nenda kwa heri. Lakini mimi nilikuwa nafikiria kabla ya Ramadhani." Nikaukataa uhamisho. Ramadhani ikaja ikapita. Mama akaniandikia barua, kwa mwandiko wa mtoto wa jirani, akiuliza huko pwani ninangoja nini. Sikumjibu hilo, nikamwandikia habari za hali ya hewa. Alipofariki nilifika siku ya pili baada ya maziko, kwa sababu ya urefu wa njia. Ustadhi alinipa pole kwa machozi ya kweli, akafunga duka siku tatu kwa heshima ya mwanamke asiyemjua. Jumamosi iliyofuata nikauliza tena. Bado.

Mholanzi nilimleta mimi. Hilo sina wa kumlaumu.

Alikuja kaunta kuagiza simu ya kwao, mrefu, miguu mitupu, ngozi imewiva kama nyanya. Alikuwa mtunzi wa muziki aliyepanga nyumba Mnarani, ng'ambo ya kivuko cha Kilifi, kwa msimu mmoja. Akiwa anangoja laini aliniuliza kama kuna mtu yeyote pwani hii anayejua uimbaji wa Kihindi. Nami nikavimba kichwa. Miaka saba nilikuwa nimeishi na siri ambayo hakuna aliyeihitaji, na leo mtu ametoka Ulaya anaiulizia. Jioni hiyo nikampeleka dukani kwa mkono wangu, nikawa mkalimani.

Muziki wa Mholanzi ulikuwa hivi. Alikuwa na vinanda viwili vya umeme. Huchukua noti tano akazirudia, na kuzirudia, na kuzirudia. Mkono mmoja unakwenda mwendo uleule, wa pili unabaki nyuma yake kidogo, unywele tu, mpaka baada ya dakika kadhaa zile noti zinagongana kwa namna nyingine na unasikia wimbo ambao hakuna aliyeupiga. Nami, Mungu anisamehe, niliupenda. Niliusikia kazini mara nyingi, simu mbili zikiingiliana kwenye waya mmoja. Ustadhi aliusikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Mwambie huyu bwana," akaniambia, "anaoga sokoni."

Nilitafsiri kwamba Ustadhi amevutiwa. Siku nyingine hunijia kwamba kama ningetafsiri kwa haki, yote yangeishia pale.

Lakini Mholanzi alirudi, na akarudi tena. Kila akija Ustadhi alimkejeli, lakini wiki ya nne nilimkuta peke yake dukani akibonyeza noti tano kwenye kinanda cha mteja, tena na tena, mlango wazi. Aliponiona alitoa mkono kama aliyeguswa na moto. Mwishoni mwa mwezi wa pili wa ziara hizo Ustadhi alitangaza kwamba watarekodi kitu pamoja, kule Mnarani, na kwamba kitu hicho ni Marwa.

Nilidhani sikusikia vizuri, mimi mwenye sikio la kuazima.

Kurekodi jioni hakukuwezekana. Alasiri upepo wa bahari ulitikisa makuti, na jua likishuka wadudu walianza kelele zao. Mholanzi alisema wakati pekee wa utulivu ni saa nne asubuhi. Mzee aliyeninyima wimbo kwa miaka kwa sababu ya dakika ishirini za jua, alifikiri kidogo akasema haina neno, jua tutalizamisha wenyewe.

Asubuhi ya safari nilimkuta dukani amevaa kanzu mpya. Nilimwona, kwa macho yangu haya, akichukua uzi mwekundu kutoka kwenye kijisanduku cha ndimi za shaba, akauviringa, akautia mfukoni. Akachukua na leso yenye kitu kidogo ndani, nikasikia harufu ya sukari guru. Nilirudi nyumbani mbio nikabadilisha nguo. Nilivaa gauni la njano la mikono mifupi, ili kifundo kisizibwe. Ndani ya basi la Kilifi nilipakata tanpura iliyofungwa blanketi, na kwenye kivuko watu walinipisha wakidhani nimebeba mgonjwa, na mimi nikatabasamu na kila mtu.

Ustadhi alipofika kwa Mholanzi aliagiza madirisha yote yafungwe na mashuka yatundikwe juu yake. Aliagiza kandili iwashwe. Kisha akatuamrisha tuamkiane upya. "Masalkheri," akasema, nasi tukajibu, Mholanzi akijikwaa ulimi. Mpishi, mtu wa Sabaki ambaye hakuwa na habari, akaingia na birika la chai akatuambia "Sabalkheri." Ustadhi alimfukuza kwa ukali, akamzuia mlangoni mpaka aliposema jioni njema. Maskini alisema, huku jua la saa nne likiwa limejaa kwenye sinia lake. Nilicheka mpaka nyuzi zikalia. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha akaimba.

Marwa huizunguka sauti ya nyumbani bila kuikanyaga. Nyuzi zangu zinavuma, nyumba ndiyo hii, taa inawaka, na yeye anapita ukutani, anagusa dirisha, anakwenda zake. Mstari wa kwanza wa wimbo ule ulikuwa mfupi, kama pumzi mbili. Nilijua kwa mafunzo kwamba kila wimbo wa namna ile una sehemu mbili. Ya kwanza hutembea chini, ya pili hupanda, na katika Marwa ni sehemu ya pili ndiyo inayofika nyumbani hatimaye. Nilibana pumzi kuingoja.

Mholanzi akainua kidole. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba anataka mstari ule wa kwanza tu, urudiwe bila kubadilishwa, mpaka yeye aseme basi. Nilimfasiria mzee maneno hayo. Nilisubiri ghadhabu.

"Tu huo?" Ustadhi akauliza.

"Huo tu."

"Wa pili hauhitaji?"

"Anasema hauhitaji."

Akafumba macho akaurudia. Vinanda vikaingia chini yake na noti zao tano, vikachelewa unywele, vikachelewa tena. Niliacha kuhesabu alipopita mara arobaini. Alioga sokoni, mzee wangu, mlango wazi, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Siku ile nilidhani ni raha ya sanaa. Vidole vyangu vilivimba, nami nikaendelea kumshikia nyumba ambayo hakuwa na nia ya kuingia.

Mitambo ilipozimwa Mholanzi alimshika mkono akasema kwamba alisoma mahali kuhusu uzi. Aliuliza tu, kama mgeni anavyouliza njia. Ustadhi akatia mkono mfukoni. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshanyosha mkono wangu mbele, naona aibu kuandika, nikidhani ananiita mimi. Akanipita akamfunga Mholanzi. Akafungua leso, wakala dengu na sukari guru, na kwa kuwa yeye ni mkarimu akanigawia na mimi.

Juu ya kivuko, tunarudi, nilimwuliza. "Na mimi, Ustadhi?"

Alikuwa akitazama maji. "Yule anaondoka, binti. Anayeondoka hupewa. Wewe upo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mimi mwenyeji sikupona. Tangu siku ile sikukanyaga dukani. Kadzo hakusema "nilikuambia," akaniletea mihogo Jumatatu na Alhamisi.

Wiki mbili baadaye Mholanzi alikuja kuagiza simu ya mwisho. Kifundo chake kilikuwa kimevimba kwa maji ya chumvi, na uzi umembana. Akaniuliza kama tuna mkasi. Nilichukua mkasi wa ofisi nikaukata uzi mwenyewe. Alisugua mkono wake, akashukuru, akatafuta pipa la taka kwa macho.

"Lete," nikamwambia.

Mwaka uliofuata ikaja kaseti kwa posta. Upande mzima ulikuwa ule mstari, dakika ishirini na kitu. Kwenye karatasi jina la Mholanzi liliandikwa kwa herufi kubwa, la Ustadhi kwa ndogo, na mwenye tanpura hakutajwa, ingawa ndiye aliyesikika bila kupumzika tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimpelekea Ustadhi kaseti hiyo kwa mkono wa Kadzo. Nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi kabla ya kuitoa. Kila mara mwili wangu ulingoja sehemu ya pili, ingawa akili ilijua haimo.

Na hapo ndipo swali la Kadzo liliponirudia. Huuimba saa ngapi? Kama kila magharibi alikuwa msikitini, na saa nyingine zote ni mwiko, basi mara ya mwisho aliuimba lini wote? Huenda mzee hakuninyima. Huenda sehemu ya pili ilikuwa imeshamtoka zamani, na katika watu wote waliopata kuja mlangoni kwake, Mholanzi ndiye pekee ambaye hakuitaka. Mimi ningeitaka. Mimi ningeingoja usiku na mchana, na yeye alilijua hilo. Sijui. Ningekuwa na moyo mwema, wazo hilo lingenituliza.

Miaka miwili ikapita tangu Mnarani. Mitambo mipya ya simu ikaja, watu wakaanza kujipigia wenyewe, nasi wenye nyaya tukatawanywa. Mimi nikapangiwa Nakuru, safari hii bila cheo. Nikasikia kwamba Ustadhi ameanguka msikitini na kupooza upande mmoja. Koo lililoazimwa lilikuwa limechukuliwa nusu. Nilikwenda kumuaga.

Ilikuwa alasiri. Mkaza mwanawe alinifungulia, mwanamke mpole aliyechoka. "Karibu dada. Anatambua watu, lakini mambo anayachanganya."

Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, amepungua, ndevu hazijapunguzwa.

"Shikamoo, Ustadhi."

"Marahaba, binti wa simu." Maneno yalitoka upande mmoja wa kinywa. "Umechelewa."

Kisha akaanza kuimba, na kuimba hakukupooza. Ulikuwa mstari ule wa kwanza, safi, kila noti mahali pake. Akaumaliza akaanza tena. Na tena. Mkaza mwanawe akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndivyo siku nzima. Huo huo tu." Nilikaa kwenye kigoda nikasikiliza, na aibu iliyoje, baada ya yote, mwili wangu bado ulikuwa ukingoja.

Akanyamaza. "Endelea," akaniambia.

"Niendelee na nini, Ustadhi?"

"Sehemu ya pili. Mimi imenitoka. Nikumbushe."

"Mimi sinayo."

"Unayo." Alikasirika, uso ukaenda upande. "Nilikupa. Kule Mnarani. Ilikuwa magharibi, taa imewashwa, ulivaa gauni la njano. Nilikufunga uzi kwa mkono wangu, tukala dengu. Nilikupa wewe, nikamwambia na mke wangu, sasa naweza kufa, nimeshampa yule wa simu."

Mkaza mwanawe alinitazama, akangoja. Nilikuwa na maneno yote tayari. Nilikuwa nimeyalea miaka miwili, nimeyanoa kila nikipita nyuma ya soko.

"Leta mkono," akasema.

Nikamnyoshea. Akaugeuza kifundo kwa vidole vyake vizuri, akapapasa mahali patupu.

"Uzi uko wapi?"

Nikafungua mkoba, nikautoa. Ulikuwa umepauka, na ncha zake mbili zimekatwa sawasawa. Aliutambua.

"Nani kaukata?"

"Nimeukata mimi, Ustadhi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa mkasi wa ofisi."

"Na wimbo?"

Dirishani jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa la muuza mazulia.

"Nimeusahau," nikasema.

Alifumba macho. Machozi yakamtoka kwenye jicho moja tu, lile lililo hai. "Amana ya mtu," akasema. "Amana ya mtu, binti. Mimi niliibeba kutoka ng'ambo. Wewe umeshindwa kuibeba kutoka Mnarani."

"Nisamehe, Ustadhi."

Akaufumbata uzi kiganjani mwake.

"Bado," akasema.